Kununua Friza ya Kuwekea Kitoweo na Mazao ya Shamba

Kila msimu wa karafuu unapomalizika na wanachama wakaisha kulipwa, magari ya mizigo huonekana yakipanda njia ya Wete na ya Mkoani yamebeba magodoro, mabati, pikipiki, na siku hizi khasa mafriza. Hatuna neno juu ya hayo. Pesa ni za mwenyewe na jasho ni lake. Walakini friza si godoro. Godoro likinunuliwa vibaya humtaabisha yule anayelilalia tu; friza ikinunuliwa vibaya hula umeme mchana na usiku, kisha siku moja huharibu kitoweo cha mwezi mzima. Kwa hivyo tumeona yafaa katika toleo hili tuzungumze na wanachama wetu juu ya jambo hili, kabla pesa hazijatoka mkononi.

Wazee wetu hawakuwa na friza, na kitoweo walikuwa nacho. Samaki wa bamvua walipokuwa wengi walipasuliwa wakatiwa chumvi wakawa ng'onda, papa alikaushwa, mbaazi na kunde zilianikwa juani zikawekwa mtungini. Mambo hayo bado ni mazuri, na anayeyajua asiyaache. Lakini ng'onda si nguru mbichi, wala mbaazi kavu si mbaazi mbichi za tui. Mwenye friza nzuri hununua nguru siku aliposhuka bei, hukuna nazi zake siku moja akapumzika wiki nzima, na embe za boribo zinazooza chini ya mti kwa wingi akazila hata nje ya msimu wake. Khasa wakati wa uchumaji, mwenye shamba anayelisha wachumaji thelathini hawezi kila siku kumpeleka mtu mnadani pwani. Faida ipo. Neno ni kuipata faida hiyo bila ya kupata hasara iliyo kubwa kuliko hiyo.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa nyuma tulinunua mjini friza kuukuu, ya lita zipatazo 500, iliyokuja kwa kontena kutoka Ulaya. Ilikuwa nyeupe, safi, na bei yake ilikuwa chini ya friza mpya ya nusu ya ukubwa ule. Tukajiona tumepata. Ilipofika Idi Kubwa tulichinja ng'ombe, tukagawa mafungu ya watu, na nyama iliyobaki, kiasi cha kilo 60, tukaitia yote kwa mara moja, ingali na joto lake, katika mifuko mikubwa minne. Asubuhi ya pili tulifunua tukagonga juu: ngumu kama jiwe. Tukafurahi. Siku ya nne mfuko wa katikati ulipotolewa ulikuwa na harufu. Nje nyama ilikuwa imeganda, ndani ilikuwa laini na rangi imegeuka. Na wakati huo sufuria moja ya nyama ile ilikuwa imekwisha pikwa na kuliwa, na watoto watatu waliharisha hata tukawakimbiza hospitali kutiwa maji. Karibu nusu ya nyama tuliifukia chini ya mnazi.

Fundi tuliyemwita hakufungua kitu chochote. Alizunguka nyuma ya friza, akapangusa vumbi, akasoma kibandiko, akatwambia, "Friza yenu si mbovu. Nyinyi ndio hamkuisoma." Basi maneno mengi ya makala hii ni maelezo ya kibandiko kile, kwani kila friza iliyotengenezwa vizuri huwa nacho, nyuma au ndani ya kifuniko, na wanunuzi tisa katika kumi hawakitazami.

Jambo la kwanza la kutazama ni herufi za hali ya hewa. Watengenezaji hugawanya friza kwa joto la chumba ambamo zaweza kufanya kazi yake sawasawa. SN ni kutoka digrii 10 hata 32. N ni kutoka 16 hata 32. ST ni kutoka 16 hata 38. Na T ni kutoka 16 hata 43. Friza yetu ilikuwa N. Ulaya hiyo yatosha kabisa. Hapa kwetu wakati wa kaskazi, katika jiko la bati lenye mafiga mawili yanawaka, digrii 32 hupita kabla ya adhuhuri. Friza ya N hapo haizimiki; huunguruma mchana kutwa ikijaribu kushindana na joto, huchoka upesi, na umeme inaokula ni mwingi kuliko ulioandikwa. Anayenunua kwa ajili ya visiwa hivi atafute T. Akikosa, ST iliyowekwa chumba cha baridi. N asiichukue hata akipewa kwa nusu ya bei.

Jambo la pili ndilo lililotuunguza, na twaliona ni kubwa kuliko yote. Juu ya kibandiko kuna hesabu ya kilo kwa saa 24. Hiyo si hesabu ya nyama ambayo friza yaweza kuiweka. Ni hesabu ya nyama mbichi ambayo yaweza kuigandisha kwa siku moja. Friza ya lita 200 mara nyingi huandikwa kilo 10 au 15 tu. Yetu, pamoja na ukubwa wake wote, iliandikwa kilo 18. Sisi tulitia 60, zenye joto. Mashine haikuwa na uwezo huo, na nyama ya katikati ilikaa siku mbili tatu katika uvuguvugu ambao vijidudu huupenda mno. Mwenye nyama nyingi hana budi kuigawa: leo atie kiasi kilichoandikwa, kesho kiasi hicho tena, na inayosubiri ikae ndani ya friji au katika barafu. Kama hapana friji wala barafu, basi iliyozidi ipikwe, ikaangwe au igawiwe jirani. Na nyama isitiwe ikiwa moto. Ikatwe kwanza, ipoe kivulini kwa muda mfupi, kisha itiwe.

Karibu na hesabu hiyo kuna nyota. Nyota moja ni baridi ya digrii 6 chini ya sifuri, mbili ni 12 chini ya sifuri, tatu ni 18 chini ya sifuri. Zote hizo ni za kuweka kitu kilichokwisha ganda tu. Ile yenye nyota nne, moja kubwa na tatu ndogo, ndiyo yenye uwezo wa kugandisha kitu kibichi. Yale masanduku madogo ya barafu yaliyo ndani ya friji nyingi za zamani ni ya nyota moja au mbili. Barafu ya sharubati hupatikana humo, lakini samaki wa mwezi mzima hakai.

Sasa tuje kwenye ukubwa, ambao watu huanza nao. Twapendekeza mwanachama achukue kalamu. Lita 100 za friza huchukua kilo 40 hata 50 za nyama au samaki waliokatwa na kupangwa vizuri. Mboga za majani na vitu vyenye mifupa huchukua nafasi zaidi. Tufanye nyumba ya watu wanane, kitoweo kilo moja na nusu kwa siku, na tunataka akiba ya wiki mbili: hiyo ni kilo 21. Tuongeze nyama ya Idi kilo 15, mbaazi mbichi na kunde kilo 6, nazi za kukuna na embe kilo 10. Jumla ni kilo 52. Friza ya lita 150 yatosha, na ya lita 200 ina nafasi ya kupumua. Hata mwenye kambi ya wachumaji thelathini, akihesabu gramu 150 za samaki kwa kila mtu kwa siku, apata kilo nne na nusu. Kwa siku kumi ni kilo 45. Naye pia, akijumlisha na kitoweo cha nyumba yake, hafiki lita 300. Sisi tulinunua 500 kwa sababu tuliona kubwa ndiyo yenye heshima. Friza iliyo nusu tupu hupoteza baridi upesi kila inapofunguliwa, na hula umeme kwa ajili ya hewa. Mwenye nafasi iliyobaki na aijaze chupa za maji, zisijazwe hata mdomoni kwani maji yakiganda hupanuka. Chupa hizo zitamsaidia siku ya giza, kama tutakavyoeleza.

Kuna friza za sanduku, zifunuliwazo juu, na kuna za kusimama kama kabati. Za kabati ni nzuri kwa kupanga. Kila kitu kina droo yake na mtu hainami. Lakini baridi ni nzito kuliko joto, na mlango wa kabati ukifunguliwa baridi yote humwagika miguuni. Katika sanduku baridi hukaa chini kama maji kisimani. Kwa nyumba zetu, ambazo umeme hukatika na mlango hufunguliwa na watoto, sanduku ndilo bora. Taabu yake ni moja: vitu vya chini husahauliwa. Dawa ni vikapu, na karatasi iliyobandikwa juu ya kifuniko, ikiandikwa kilichoingia na tarehe, na kikitoka kikafutwa.

Tumetaja watoto, na hapa yatubidi tuseme neno ambalo huenda lisiwapendeze wengine. Friza ya nyama na friza ya biashara ya malai na barafu si kitu kimoja. Twajua kwamba senti za malai hununua madaftari ya shule, wala hatuzidharau. Lakini friza inayofunguliwa mara arubaini kwa siku haina digrii 18 chini ya sifuri. Nyama iliyomo hulainika juu na kuganda tena kila siku, na ladha yake na usalama wake hupotea. Anayetaka yote mawili anunue mbili ndogo, wala si moja kubwa. Bei haitofautiani sana, na moja ikiharibika, nyingine hubaki.

Umeme nao wahesabika kabla ya kununua. Kibandiko huonyesha uniti kwa mwaka. Ikiandikwa 365, ni uniti moja kwa siku. 250 ni chini ya robo tatu ya uniti. Zidisha kwa bei unayolipa katika mita yako ya Tukuza, kisha ongeza kidogo, kwa kuwa hesabu za kibandiko hupimwa katika chumba chenye joto la wastani, si katika jua la kaskazi. Friza kuukuu ya miaka kumi na tano yaweza kula mara mbili ya ile mpya ya ukubwa ule ule. Sisi tulipofanya hesabu ya miaka minne tuliona kwamba ile nafuu ya bei tuliyojisifu nayo ilikuwa imekwisha lipwa yote kwa umeme, na zaidi. Mpya nyingi sasa zina mota ya inverta, ambayo haiwaki na kuzima kwa kishindo bali huenda polepole. Hizo hula kidogo, na haziushtui umeme zinapoanza, kwa hivyo zafaa pia kwa mwenye jenereta ndogo au umeme wa jua shambani.

Wengi wetu tuna jamaa Oman na Dubai, na friza husafiri katika kontena pamoja na mazulia na mchele. Za huko zafaa: umeme wa Maskati ni wa volti 240 na mipigo 50 kwa sekunde, wetu ni 230 na mipigo ile ile, na nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya joto lililo kali kuliko letu. Lakini mwenye ndugu Marekani amwambie asijitaabishe. Umeme wa huko ni volti 120 na mipigo 60. Transfoma hurekebisha volti, hairekebishi mipigo, na mota itaumia. Saudi Arabia nako mipigo ni 60. Kitakachotazamwa ni kibandiko tena: kikiandikwa 220–240V, 50Hz, au 50/60Hz, ni salama.

Kibandiko hicho hicho hutaja gesi. Ikiwa ni R12, iacheni friza hiyo dukani. Gesi hiyo ni katika zile zinazotoboa tabaka ya ozoni, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ndio ulioanza kuiondoa. Nchi zetu zilitakiwa ziiache ifikapo 2010. Ikivuja, hakuna wa kuijaza kwa halali. R134a mafundi wetu waijua. R600a ndiyo iliyomo katika friza nyingi mpya; hula umeme kidogo, lakini ni gesi inayowaka moto. Kiasi chake ndani ya friza ni kidogo na haina khatari ikiwa mabomba ni mazima. Khatari ni fundi asiyejua, anayewasha moto wa kulehemu bila ya kuitoa. Aulizwe kwanza.

Anayenunua kuukuu, na wengi watanunua, asiridhike na kuguswa kwa ubaridi dukani. Aiache iwake saa tano au sita, na ndani yake aweke kikombe cha maji. Maji yasipoanza kushika barafu, ajiondokee. Asikilize: mota iwake, ifikie baridi, kisha itulie, isiyotulia ina ila. Atie kipande cha karatasi katika ukingo wa kifuniko, afunge, avute. Ikitoka bila ya kushikwa, mpira umekufa. Atazame chini, si juu, kwani kutu ya hewa ya bahari huanzia chini. Na muuzaji akikataa friza yake kuwashwa, hilo nalo ni jawabu.

Ikifika nyumbani isimame wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa, kwani mafuta ya mota huwa yamepanda kwenye mabomba njiani. Isiwekwe jikoni karibu na mafiga, wala barazani penye jua la alasiri. Iachwe nafasi ya shubiri moja na ukuta, nayo iinuliwe juu ya vipande vya mbao. Tumeona wanachama wanaoiweka ghalani pamoja na magunia ya karafuu, kwa kuwa ghala hufungwa kwa kufuli. Hatupendi. Friza hutoa joto kwa nyuma na hutoka jasho kwa nje, na karafuu kavu hunyonya unyevu. Mtu atakuwa amehifadhi samaki wa elfu kumi na kuharibu gunia la karafuu.

Umeme wenyewe una mambo yake. Ukirudi kwa nguvu, au ukiwa dhaifu kama uvutwavyo kwa waya mrefu mwembamba kutoka nyumba ya pili, mota hunguruma bila ya kuzunguka, kisha huungua. Kile kikasha cha kulinda friji, kinachokata umeme mbaya na kungoja dakika chache kabla ya kuuachia tena, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mota. Asiye nacho auchomoe mwenyewe umeme unapokatika, na ukirudi angoje dakika tano.

Na utakatika. Ndugu zetu wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, walipokaa karibu mwezi gizani, wala ule muda wa kutoka Disemba 2009 hata Machi 2010, kiasi cha miezi mitatu, ambapo mwenye friza alikuwa na kabati tu. Sisi wa Pemba tangu 2010 twapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha. Waya mmoja ni waya mmoja. Umeme ukikatika, sharti la kwanza ni kutofungua. Friza iliyojaa, ikiwa imefungwa, hushika baridi kama saa 48. Iliyo nusu, saa 24. Kwa joto letu tuhesabu pungufu ya hapo. Ifunikwe blanketi, lakini si mgongoni kwenye mabomba umeme unaporudi. Zile chupa za maji yaliyoganda hapa ndipo zinapolipa kodi ya nafasi yao.

Umeme uliporudi, kila kipande kiguswe. Chenye chembe za barafu ndani yake chaweza kugandishwa tena, ingawa utamu utapungua. Kilicholainika na kupata uvuguvugu kwa saa mbili au zaidi kitupwe, hata kama hakina harufu, maana vijidudu vingine havina harufu. Samaki wa jodari, sehewa na vibua wana khatari ya peke yao: wakikaa nje kwa joto hufanya sumu inayowasha mwili na kuvimbisha uso, na sumu hiyo haiondoki kwa barafu wala kwa kupikwa. Kwa hiyo wagandishwe wakiwa wabichi kabisa, siku ile ile ya kuvuliwa, au waachwe. Mwenye kusafiri na kurudi baada ya siku nyingi aweke ndani kikombe cha maji yaliyoganda, na sarafu juu ya barafu. Akirudi akaikuta sarafu imezama chini ya kikombe, ajue umeme ulikatika kitambo, barafu ikayeyuka, kisha ikaganda tena, na asile kitu kilichomo.

Namna ya kutia vitu ni kazi ya mwenye jiko, na twashauri mume asinunue friza bila ya kumuuliza bibi wa nyumba, kwani yeye ndiye atakayeinama humo kila siku na anajua mkono wake unafika wapi. Kila fungu liwe la mlo mmoja, bapa kama mkate wa kumimina, si duara kama fenesi. Bapa huganda upesi mpaka ndani, na kinachoganda upesi hakitoki maji mengi kinapoyeyuka. Hewa ikamuliwe itoke, maana nyama inayoguswa na hewa hukauka ikawa na mabaka meupe. Mifuko myembamba imepigwa marufuku visiwani kwetu, na hata ingekuwa halali haifai. Vyombo vyenye kifuniko au vifuko vizito vya chakula ndivyo vinavyotakiwa.

Nyama ya ng'ombe ya vipande hukaa miezi sita hata mwaka. Ya kusaga, mitatu au minne. Kuku mzima hata mwaka. Changu na chewa hukaa miezi sita, lakini jodari na wenzake wa mafuta mengi miwili au mitatu, kisha huingia ukakasi.

Mboga zataka hila moja ambayo wengi hawaijui, nasi tuliijua baada ya kutupa mchicha mwingi. Baridi hailali mboga usingizi kamili. Ndani yake mna vitu vinavyoendelea kufanya kazi polepole, vikigeuza rangi na ladha. Ili kuviua, mboga huchovywa katika maji yanayochemka kwa kokoto: mchicha na matembele dakika mbili, mbaazi mbichi na kunde dakika mbili, maharagwe ya majani dakika tatu. Kisha hutiwa mara moja katika maji baridi sana, zikachujwa, zikakamuliwa, zikafungwa. Kisamvu hutwangwa na kuchemshwa vizuri kabisa kwanza, kwani sumu ya muhogo haiondoki kwa baridi. Muhogo wenyewe humenywa, hukatwa na kutiwa mbichi, na hutoka kama ulivyoingia. Nazi iliyokunwa hukaa vizuri. Tui hukatika, lakini likichemshwa na kukorogwa hurudi. Maji ya ndimu yagandishwe katika vile visahani vya barafu, kila kipande kikatumika kwa mchuzi mmoja. Tungule hulainika, hazifai tena kwa kachumbari, kwa mchuzi zafaa. Tango usilitie.

Kitu kilichoganda kiyeyuke ndani ya friji tangu usiku, au katika maji baridi kikiwa kimefungwa. Kuku asiachwe juu ya meza tangu alfajiri hata adhuhuri. Na barafu ya ukutani ikifika unene wa nusu sentimita, friza izimwe, ifunguliwe, iwekwe sufuria ya maji moto ndani, ipanguswe. Kisu kisitumike kamwe; fundi wetu asema friza nyingi anazoletewa zimekufa kwa kisu.

Sisi tuliiuza ile kubwa, kwa kumweleza mnunuzi ila yake, na sasa tuna ya sanduku ya lita 200, herufi T, kilo 13 kwa saa 24, nazo tumeziandika kwa kalamu nyeusi juu ya kifuniko ili asipatikane wa kusema hakujua. Wanachama wenye friza za umeme wa jua mashambani, ambazo sisi hatujazitumia, twawaomba watuletee khabari zake: ukubwa, betri, na namna zilivyostahimili mvua za masika. Tutazichapisha kabla ya uchumaji ujao.